Nusu ya Nati

Jumatatu, 18 Agosti

Gita limeanguka. Mtoto hajaanguka, alhamdulillahi. Naanza na hilo ili siku Kombo akilisoma daftari hili ajue nilimtazama mtoto kwanza.

Ilikuwa hivi. Kamba ya chandarua cha Wijdan imekosa pa kufungwa tangu wiki jana. Kombo aliahidi msumari. Mume wangu ni fundi bajaji, anashinda katikati ya vyuma, lakini msumari mmoja wa nyumbani kwake haupatikani. Mimi nikatazama juu ya kabati. Gita limeegemea ukuta, na kichwani lina funguo sita za kukazia nyuzi, zimejipanga kama za kutundikia makoti. Akili ikanijia! Nikafunga kamba kwenye ufunguo wa tatu. Ikakaa vizuri kabisa. Nikajisifu kwa sauti.

Nikaenda kugeuza samaki jikoni. Narudi, Wijdan, miezi tisa, meno mawili, kakishika chandarua kwa mikono miwili anakivuta kama wavuvi wavutao jarife. Halafu kishindo. Gita chini, chandarua juu yake kama bibi harusi, mtoto anacheka.

Mwili mzima. Shingo nzima. Nyuzi zote sita zipo. Kilichovunjika ni nati. Kikundini tunaita nati kile kipande cheupe juu ya shingo, kirefu kama kidole cha mtoto, chenye vijia sita. Kila uzi hupita kwenye kijia chake kabla haujafika kwenye ufunguo. Kitu kidogo! Lakini bila hicho nyuzi zinalala shingoni kama walevi.

Na gita si langu. Ni mali ya kikundi chetu cha taarabu, Waridi, wanawake watupu. Mkuu wetu ni Bi Adila, na sheria yake ni moja: aliyeharibu chombo anakikabidhi kwa mwenziwe, na kiti chake pia. Jumamosi tuna shughuli Mlingotini, yangu ya kwanza tangu nijifungue. Miezi yote ya uzazi gita alikaa nalo Hafidha, mwenzangu wa kikundi. Nimerudishiwa wiki mbili tu. Miezi tisa nimenuka maziwa na mkojo. Nataka Jumamosi moja ninuke udi.

Kwa hiyo: Bi Adila asijue. Hafidha ndiye asijue kabisa.

Nusu moja ya nati ninayo mkononi. Nusu ya pili naitafuta.

Jumatatu hiyohiyo, alasiri

Nusu ya pili haipo chini ya kitanda, haipo kwenye mkeka, haipo kwenye chandarua. Na Wijdan kila anachookota kinaishia mdomoni. Nikamtumia Kombo ujumbe: nati imevunjika, mtoto kameza nusu, njoo dispensari.

Tulikutana mlangoni. Nesi akaniuliza kameza nini. Nikasema nati. Akauliza ya ukubwa gani. Kabla sijafungua mdomo Kombo, ovaroli lake lote oili, akamwaga mfuko mzima wa nati za bolti juu ya meza. Namba nane, namba kumi, namba kumi na mbili, nesi achague inayofanana. Akaongeza kwamba yeye miaka kumi kazini hajaona nati ikivunjika nusu, nati hulika tu, labda ilikuwa ya Kichina. Nesi akasimama. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Akina mama wote kwenye benchi wakamtazama Kombo kama muuaji.

Ikabidi nieleze gita, nyuzi, plastiki, kila kitu. Nikatoa ile nusu niliyobaki nayo. Nesi akaipima kwa macho, akamsikiliza mtoto kifua, akampapasa tumbo. Wijdan akamvuta hijabu na kucheka. Nesi akasema hana shida, anapumua vizuri, ananyonya, kitu chenyewe hakina ncha. Nimfuatilie choo. Akitapika au akilia kwa tumbo nirudi saa hiyohiyo.

Tulipofika nyumbani Kombo akasema kwa upole, "Sasa mama Wijdan, mbona vitu viwili mnavipa jina moja?" Nikamwambia asinianze. Msumari uko wapi?

Jumanne, 19 Agosti

Choo: hakuna kitu. Nimekagua nepi tatu kwa kijiti, kwa mwanga wa dirishani. Mwanangu, mama yako alisoma mpaka kidato cha nne kwa ajili ya hili.

Mpango wa leo ni wa kisasa. Nimempata kwenye simu muuza vyombo vya muziki wa Kariakoo. Kijana mwenye adabu, dada, dada, kila neno dada. Akatuma picha za nati. Ya plastiki, ya mfupa, ya shaba. Akaandika maelezo marefu: plastiki ni laini, nyuzi huila mapema. Mfupa ni mgumu, sauti hutulia. Shaba sauti yake kali. Akataka nimpimie upana wa shingo kwa milimita. Nilikuwa na mtoto kiunoni na futi ya kushonea ya marehemu bibi yangu, yenye inchi peke yake, na tena imechakaa hadi mbili na tatu hazisomeki. Nikamwandikia: upana wa kawaida.

Kisha nikachagua inayong'aa. Shaba. Ilikuwa nzuri! Nikaiona tayari kwenye taa za Mlingotini. Akasema inapanda basi kesho asubuhi.

Jioni Hafidha akapita. Hafidha hajawahi kupita kwangu Jumanne. Yeye ana saluni yake karibu na stendi, anasuka, anachora hina, anabandika kucha. Eti kaja kumwona mtoto. Mtoto yuko mkekani, yeye macho yako juu ya kabati! Gita nimelifunika kanga mbili na mto. Akauliza linaendeleaje. Nikasema linalala. Akauliza kama linashika tyuni vizuri, kama halina hitilafu yoyote. "Hitilafu gani, shoga?" Akasema hapana, kauliza tu.

Kauliza tu! Anakitaka kiti changu huyu. Keshaanza kukipima.

Jumatano, 20 Agosti

Choo: hakuna. Nepi nne.

Nati imefika kwa basi. Inang'aa kweli. Nimeihesabu vijia mara tatu, kwa kidole, kisha kwa sindano. Vinne. Ni ya gita la besi.

Nikampigia kijana. Akasema, "Dada, si ulichagua mwenyewe?" Nikamwambia yeye ndiye aliyetuma picha. Akasema alituma picha sita, na mbili chini yake aliandika besi. Sikusoma chini. Nani anasoma chini na mtoto kiunoni? Kubadilisha ni mpaka Jumatatu. Nilifikiri kidogo kama nyuzi mbili mbili zinaweza kushirikiana kijia. Nikajaribu. Gita likatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Mpango wa pili, saa nne asubuhi. Kitana! Kitana ni nini kama si nati ndefu? Meno, nafasi, meno, nafasi. Nikakata kipande cha meno sita kwa msumeno wa Kombo. Nimesahau kwamba nyuzi zinapita kwenye nafasi, na meno sita yana nafasi tano. Nikakata kipande cha meno saba. Kikakaa. Nikakaza nyuzi kwa bismillahi. Zikabanana zote katikati ya shingo kama watu kwenye foleni ya maji, na ule mwembamba ukapitiliza jino na kukatika. Kitana hicho ndicho nilichokuwa nacho peke yake. Nywele zangu leo nimezifunga tu.

Na saa kumi mazoezi! Sitamsingizia mtoto ugonjwa. Hilo mdomo wangu hausemi, hata kwa gita. Nikajisingizia mwenyewe. Nikafunga kidole bendeji, nikampigia Bi Adila, shikamoo, marahaba, nikamwambia nimeungua na mafuta ya samaki. Nilitegemea aseme pole, pumzika, tutaonana Jumamosi.

Akasema pole. Kisha akasema basi Jumamosi atapiga Hafidha, mimi nitakaa nyuma nipige makofi.

Makofi!

Nikasema kidole kinapona haraka sana, Bi. Akasema Ijumaa jioni atakuja mwenyewe kukiona kidole, na kulichukua gita ikibidi.

Nimeketi jikoni nimelia kidogo. Wijdan akaja kwa kutambaa, akanishika goti, akaivuta bendeji. Nikaacha kulia. Bado kuna siku mbili.

Alhamisi, 21 Agosti

IMETOKA!

Saa moja na nusu asubuhi. Nepi ya pili. Nusu nyeupe, vijia vitatu, haina hata mkwaruzo. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani kaolewa. Nikambeba mwanangu nikambusu tumbo lote. Nilikuwa nikisema hana kitu, hana kitu, siku tatu hizi, lakini usingizi ulikuwa hauingii. Kombo alipopigiwa simu nikasikia anapenga kamasi. Akasema ni moshi wa bajaji.

Nimeiosha kwa sabuni. Nimeichemsha. Nimeikamulia limau, nimeichemsha tena, nimeianika juani. Sasa nina nusu mbili. Nilijaribu kuziunganisha kwa gundi ya kiatu. Zikashikana vizuri mpaka nilipokaza uzi wa kwanza, zikaruka kama panzi. Basi. Lazima mpya. Lakini sasa fundi yeyote ana kitu cha kupimia!

Na hapa nikawaza lile neno la kijana wa Kariakoo. Mfupa. Mji huu una mifupa mingapi? Nikaenda soko la samaki kuuliza mfupa mgumu. Mwanamke wa papa akaniuliza wa nini. Nikasema wa gita. Akawaita wenzake waje wasikie. Akasema papa hana mfupa, ana vitu vya kutafuna, ila ningeweza kumpigia taarabu pweza, yeye ana mikono minane. Walicheka mpaka mnada ukasimama.

Nimerudi nimepika makongoro. Mfupa wa ng'ombe nimeutoa kwenye supu yenyewe, nimeukwangua vizuri. Kombo katafuta mfupa kwenye bakuli lake akauliza umekwenda wapi. Nikasema una kazi nyingine.

Hafidha kapita tena asubuhi. Mara ya pili! Kaangalia kabati. Kaangalia kidole. Akasema, "Shoga, jana Bi Adila alisema umeungua mkono wa kushoto."

Bendeji ilikuwa kulia. Nilikuwa nimeitoa kuosha nati.

Nikasema nimeungua na huo pia.

Ijumaa, 22 Agosti

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa fundi Msabaha, mtoto mgongoni, gita kwenye kanga, mfupa kwenye mfuko wa nailoni. Msabaha huchonga makasha na kuyatia nakshi ya mfupa, huko upande wa mji mkongwe. Maneno mengi, mikono haitulii. Shikamoo, marahaba binti, umeniletea maiti ya nani kwenye kanga?

Nikamwonyesha mfupa wangu kwanza. Akaunusa. Akaniuliza kama nimeleta na ndimu na pilipili. Akasema mfupa wa supu bado una mafuta, na nikiutia kwenye gita basi nikianza kupiga tu paka wote wa Mlingotini watapanda jukwaani. Wa kwake umekaa juani miaka miwili. Akanitandikia vipande nichague, mfupa, mpingo, pembe. Safari hii sikuchagua kinachong'aa. Niliuliza kipi hakivunjiki mtoto akikivuta. Akanitazama. Akanipa mfupa.

Nikampa zile nusu mbili za kupimia. Na hapa ndipo mauti yaliponipitia. Msabaha mikono miwili ina kazi. Nusu ya kwanza kaiweka mezani. Ile ya pili, ile ya nepi, kaibana midomoni kama fundi cherehani anavyobana pini.

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Nilikuwa nimeichemsha mara mbili. Na limau. Nikasema, "Fundi, hiyo ina... ni chafu kidogo." Akasema kwa pembe ya mdomo kwamba yeye katia midomoni vitu vya kila namna na yuko hai. Nikamtazama Wijdan. Wijdan alikuwa anamtazama Msabaha kwa makini sana, kama mtu aliyekutana na kitu chake.

Alipima, akakata, akasugua msasa. Kila mara anaitoa ile nusu, anaitazama, anairudisha. Mara akasimama. Akailamba pale ilipokatikia. Alilamba! Astaghfirullahi. Akasema ina ladha.

Nikashika meza.

Akasema ina ladha ya gundi. Gundi ya zamani, si ile ya kiatu niliyotia mimi jana, hiyo kaiona. Nati hii ilivunjika siku nyingi ikaunganishwa kwa ustadi. Akaonyesha mstari mwembamba, angavu kama kioo. Tena si gundi ya seremala, akasema, harufu hii anaijua kwa binti zake. Ni gundi ya kucha.

Mjini kwetu wanaobandika kucha ni wengi. Wanaobandika kucha na waliokaa na gita hili miezi tisa ni mmoja.

Msabaha akamaliza kabla ya adhana ya Ijumaa. Vijia akavichonga kidogo kidogo, akisema kijia kikizidi kina, uzi hugonga shingo na kukwaruza, kikipungua kidole chako kitakufa kwa kubonyeza. Akasugua ndani yake kwa ncha ya penseli, eti uzi uteleze usinase. Nikakaza nyuzi sita mbele yake, pamoja na ule mpya niliokuwa nao akiba. Likalia! Safi, bila kukwaruza. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Akataka kurudishiwa ile nusu ya zamani aiweke kama kipimo. Nikamwambia ichukue, fundi. Ila ioshe.

Ijumaa, usiku

Hafidha kaja kabla ya Bi Adila. Nilimwandalia kiti. Nikafungua bendeji mbele yake polepole, kushoto, halafu kulia. Vidole kumi, vizima. Nikalitoa gita kwenye kanga. Nikamwambia nati ya zamani nimeibadilisha, maana ilikuwa na gundi ya kucha.

Akakaa chini. Si kwenye kiti. Chini.

Yakatoka yote. Mwezi wa tatu alilibeba gita na ndoo ya maji kwa pamoja, likagonga mlango. Kila siku tangu nirudishiwe alikuwa anaogopa litaachia mikononi mwangu na Bi Adila ajue ni yeye. Hakuwa anakitaka kiti changu! Alikuwa anakuja kuangalia gundi. Akauliza yangu ilivunjikaje. Nikamwambia chandarua. Akaniuliza mara mbili, "Chandarua?" Tukacheka mpaka Wijdan akaanza kucheka na yeye bila sababu. Nilimwambia angeniambia mapema nisingekula kejeli za sokoni. Akasema na mimi ningesema. Kweli.

Lakini nikawa mkali pia. Nikamwambia Jumamosi kiti ni changu. Akasema subiri. Akatoka, akarudi baada ya saa moja na kucha mpya, ndefu kama miiko, nyekundu. Bi Adila alipofika Hafidha akamnyooshea. Akasema kwa kucha hizi hata kifungo hawezi kufunga, sembuse kubonyeza nyuzi. Bi Adila akatazama kucha, akatazama vidole vyangu. Akasema kumbe mafuta ya samaki wako hayaachi alama. Akaondoka bila gita.

Jumamosi, 23 Agosti

Mlingotini. Alasiri ya wanawake, turubai la kijani, udi mpaka machoni. Wijdan kwa shangazi yake, kanyonya kabla sijapanda.

Nyimbo saba. Gita halikuteleza tyuni hata mara moja. Wimbo wa nne nikapewa sehemu yangu peke yangu, akina mama wakasimama, bibi harusi mwenyewe akanitazama. Nilinuka udi! Paka mmoja alipita chini ya jukwaa na hakusimama.

Tulipomaliza Bi Adila akanishika bega. Akasema gita limelia kuliko zamani, nimelifanya nini? Nikasema nimelifuta vumbi. Hafidha akakohoa kwenye kucha zake.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimelala saa sita mfululizo. Mtoto mzima, gita zima, kiti changu. Nashukuru. Nimejifunza mengi wiki hii, kubwa ni kutoficha mambo.

Bi Adila atapita Alhamisi kukagua vyombo. Nimeikunja bendeji vizuri nikaiweka kwenye droo, kwa usalama.

Msumari wa Kombo bado. Anasema kesho. Mbu hawasubiri kesho, na mwanangu ana ngozi laini. Nimetazama juu ya kabati. Zile funguo sita zimekaa tu, hazina kazi mpaka Jumatano. Na nati hii si ya plastiki! Ni mfupa, miaka miwili juani, fundi mwenyewe kasema haivunjiki mtoto akiivuta.

Safari hii chandarua nimekifunga kwenye ufunguo wa nne. Mafundo mawili.

Kimekaa vizuri kabisa.